Haidro imegoma: matatizo ya beseni la batiki, chanzo chake, na wakati wa kuacha kila kitu utoke nje

Wanaokuja kwangu na kitambaa kilichopauka, na wanaokuja wakikohoa kwa sababu ya moshi wa kopo, mara nyingi wana tatizo moja bila kujua. Unga ulioharibu rangi ya huyu wa kwanza ndio unga uliomfukuza karakanani huyu wa pili. Kwa miaka ninayofundisha batiki hapa Tanga nimeulizwa maswali yale yale, na karibu yote yanarudi kwenye kopo moja: sodiamu haidrosalfaiti, ambayo huitwa pia sodiamu dithionaiti. Sisi tunaikata tu na kuiita haidro.

Ni unga mweupe wenye chembe ndogo kama sukari iliyosagwa, na ukiwa mzima una harufu hafifu ya kiberiti. Kazi yake ni kunyang'anya oksijeni. Rangi za vati, indigo ikiwa mojawapo, haziyeyuki kwenye maji hata ukoroge mpaka jua lizame. Haidro ikishirikiana na kostiki soda, ile alkali kali inayounguza ngozi, huzibadili zikayeyuka na kupenya ndani ya uzi. Ukikitoa kitambaa hewani, rangi inapata oksijeni yake tena, inagoma kuyeyuka, na inabaki imefungiwa humo humo. Ndiyo maana batiki nzuri hufuliwa miaka na haichuji.

Sasa, unga wenye njaa ya oksijeni namna hii haungoji uingie kwenye beseni. Kopo likiachwa wazi unakula kutoka hewani, na ukipata unyevu kidogo unaanza kupata joto. Joto hilo huharakisha uozo, na uozo huongeza joto. Haya yote yanayofuata yasome ukikumbuka hilo.

Rangi haikozi, kitambaa kinatoka kimepauka

Hili ndilo ninaloulizwa kuliko yote. Anza na haidro yenyewe kabla hujalaumu rangi. Unga uliochoka una mabonge, umekosa ule mtiririko wa mchanga mkavu, na harufu yake ni kali, inachoma puani. Lakini macho yanaweza kudanganya, kwa hiyo fanya jaribio la chupa. Chukua chupa ya jamu ya kioo, weka kikombe cha maji ya uvuguvugu mzuri, nyuzi 50 hivi, robo kijiko cha chai cha indigo iliyolowekwa, chembe chache za kostiki, halafu nyunyiza kijiko kimoja cha chai cha haidro juu ya maji. Usitikise, usifunge kifuniko. Baada ya dakika 10 hadi 15 itazame kwenye mwanga. Haidro nzima itakupa maji ya njano yenye ukijani, na juu yake utando wenye mng'ao wa shaba. Ukichovya kijiti cheupe kitatoka cha kijani na kugeuka bluu mbele ya macho yako. Kama chupa nzima bado ni bluu kama wino, haidro imekufa.

Angalizo kwa wanaotumia rangi nyingine za vati: kila moja ina tabia yake ndani ya beseni. Kuna njano ambayo ikiyeyuka inakuwa bluu nzito, na kuna bluu inayobaki bluu. Mwanafunzi anayeziona kwa mara ya kwanza huamini amekosea pakiti. Ngoja kitambaa kipate hewa ndipo uhukumu.

Kama haidro imefaulu jaribio, chanzo kinachofuata kwa wingi ni maji ya moto kupita kiasi. Wengi humimina maji yaliyotoka kuchemka wakidhani moto ndio unaokoza rangi. Kwenye maji ya aina hiyo haidro huvunjika yenyewe kabla haijaifanyia rangi kazi yoyote. Kwa indigo sivuki nyuzi 60. Rangi nyingine za vati zinataka maji baridi kabisa, na hizo ndizo zinazofaa batiki ya nta, maana nta haipendi joto. Nunua kipimajoto. Kidole si kipimo, na kwenye maji yenye kostiki kidole hakitakiwi kabisa.

Halafu kuna mkono wa fundi. Ukikoroga beseni kama unasonga ugali unaingiza hewa, na haidro itashiba hewa hiyo badala ya kuhudumia rangi. Geuza kitambaa taratibu chini ya maji, na ukikitoa kikamue pale pale usawa wa maji. Matone yanayodondoka toka juu nayo huingiza hewa.

Kostiki ikipungua pia rangi haiyeyuki vizuri. Karatasi ya kupimia pH, yaani kiwango cha asidi au alkali majini, ni bei ndogo: indigo inafanya kazi vizuri kwenye 11 hivi, rangi nyingi nyingine za vati zinataka 12 kwenda juu. Kwa haidro na kostiki naanzia gramu 5 za kila moja kwa lita moja ya maji, nikipanda hadi 10 kwa rangi nzito. Pima kwa mizani ndogo ya jikoni ambayo haitarudi tena jikoni. Vijiko vimetuponza, maana kijiko cha fundi mmoja kina kilima na cha mwenzake ni bapa.

Kitambaa nacho kipime. Chomoa uzi mmoja, uwashe moto. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Uzi ukiyeyuka na kuacha kishanga kigumu, hiyo ni poliesta, na rangi ya vati haitaishika vizuri hata ufanye nini. Bafta jipya lina wanga wa kiwandani: dondosha tone la maji juu yake, na kama linakaa kama umande juu ya jani la mgomba, rudi ukalichemshe na sabuni kwanza.

Ukishayamaliza hayo yote na bado, huenda rangi yako si ya vati. Madukani kuna rangi za aina nyingine zinazofungwa kwenye pakiti zinazofanana. Haidro huziua nyingi kati ya hizo. Maji hupoteza rangi, na hata ukipepea kitambaa mchana kutwa hairudi. Hapo hakuna ufundi wa kuokoa.

Madoa, mawingu, sehemu zenye rangi na sehemu zisizo nayo

Mara nyingi ni kitambaa kilichoingia kikavu. Kiloweke maji safi kwanza, ukikamue, ndipo kiingie. Sababu ya pili ni puto za hewa: kitambaa kikielea, sehemu iliyo juu inageuka kabla haijanywa rangi. Vidoadoa vyenye rangi kali ni unga ambao haukuyeyuka, kwa hiyo kanda rangi iwe uji laini kabla ya kuimwaga. Kama nta imelainika au kubanduka mahali usipotaka, punguza joto la maji. Na kama unatumia nta ya nyuki pekee, ujue kostiki yenye joto inaila. Kuichanganya na parafini kunasaidia.

Rangi inachuja kwenye maji ya kwanza, ya pili, ya tatu

Fundi alikuwa na haraka. Alikiosha kitambaa kikiwa bado na ukijani, yaani rangi ilikuwa bado inayeyuka, na ikaenda na maji. Kitundike kivulini mpaka kigeuke chote, hata kwenye mikunjo. Kisha kisuuze, halafu ukichemshe kwenye maji ya sabuni dakika 10 hadi 15. Kuchemsha huku kunaondoa rangi iliyokaa juu juu tu, na ile ya ndani inatulia. Wanaotoa nta kwa maji ya moto hupata faida hiyo bila kuitafuta.

Kitambaa kinaoza, kinachanika kwenye mikunjo

Ni kostiki iliyobaki. Suuza mpaka kitambaa kiache kuteleza mkononi mwenye glavu, kisha pima maji ya mwisho kwa karatasi ya pH. Hariri na sufu usizitie humu kabisa, kostiki huzila.

Wengi hupenda kumalizia kwa siki. Sina ugomvi na siki, mradi iwe kwenye ndoo nyingine, baada ya kusuuza mara kadhaa. Kumimina siki au maji ya ndimu ndani ya beseni lenye haidro ni kosa la hatari, na nitalirudia hapo chini.

Sufuria inachemka yenyewe bila moto

Ni sufuria ya aluminiamu. Kostiki inaila aluminiamu na kutoa haidrojeni, gesi inayowaka. Usiongeze kitu, usilete jiko wala sigara karibu, fungua milango na kaa mbali mpaka itulie. Kuanzia hapo tumia beseni la plastiki nene, la chuma kisichoshika kutu, au la enameli lisilo na mikwaruzo.

Na utaratibu wa kuchanganya ni huu, sina mwingine: maji kwanza, kostiki ndani ya maji kidogo kidogo, yapoe, rangi, halafu haidro inyunyizwe juu. Unga ndio unaofuata maji. Maji hayamwagwi juu ya unga, si wa kostiki wala wa haidro.

Kwa wanaosafisha filamu nyumbani

Najua wapo wachache wanaoitumia haidro kugeuza filamu nyeusi na nyeupe kuwa slaidi. Hutia weusi fedha iliyobaki baada ya kupaushwa. Picha yako ikitoka ya kijivu, yenye weusi usio na nguvu, karibu kila mara ni mchanganyiko uliokaa. Ukishaiyeyusha haidro, ina muda mfupi. Changanya unaposhika kazi, tumia, mwaga. Usiiweke kwenye chupa iliyofungwa mpaka kesho. Na chumba cha giza kwa kawaida hakina dirisha, kwa hiyo sehemu ya harufu hapo chini inakuhusu kuliko hata sisi wa uani.

Unga umeshika mabonge

Hapa ndipo ninapoomba asikilizwe mtu mzima. Mabonge maana yake unyevu umeshaingia. Huku pwani, msimu wa masika, kopo lililofunguliwa mara tatu nne linaweza kufika hapo upesi. Nimeona watu wakianika haidro juani kwenye sinia ili ikauke. Nimeona mmoja akiiweka karibu na jiko la mkaa. Unga huu haukaushwi. Ile kazi iliyoshapotea hairudi, na joto unalouongezea ndilo unalotakiwa kuuepusha nalo. Kwenye hewa ya kawaida huvunjika kwa fujo ukifika nyuzi 90 hivi, na ukiwa na unyevu hujipandisha joto wenyewe kuanzia chini kabisa.

Mabonge machache, kopo la baridi, hakuna harufu kali: litoe nje mahali pakavu penye kivuli, mbali na kuta na vitu vinavyoungua. Muulize aliyekuuzia au afisa wa mazingira wa halmashauri namna ya kuuondoa kwa usalama. Usiuchanganye na takataka za nyumbani, na usiutupe chooni.

Kinachoingiza unyevu, kwa mpangilio wa ninavyokutana nacho: kijiko chenye maji, kifuniko kisichokaza, unga uliopimiwa kwenye mfuko wa nailoni dukani, na kopo lililokaa sakafuni karibu na mabeseni. Nunua kidogo, kiasi cha kazi ya mwezi. Kijiko cha haidro kiwe chake peke yake na kikae kikavu.

Kopo lina joto, linatoa moshi, au linazomea

Acha kila kitu. Hapa hakuna ukaguzi wa kwanza wala wa pili.

Masika moja, mwanafunzi wangu alipeleka mkono barazani kuchukua kopo la haidro, akaurudisha haraka. Akaniambia, "Mwalimu, hili kopo lina homa." Nilipoinama nikasikia harufu ya njiti za kiberiti, kama mtu amewasha boksi zima. Tulitoka sote hadi barabarani. Jirani yetu, kwa wema wake, alirusha kikombe cha maji kabla sijamzuia, na moshi mweupe uliokuwa unafuka kidogo ukajaa baraza lote. Kopo liliungua lenyewe juu ya saruji mpaka likaisha. Chini yake kilibaki kibandiko cha plastiki iliyoyeyuka, na ukutani alama nyeupe ambayo haikutoka mpaka tulipopaka rangi upya. Chanzo tulikijua jioni ile ile: kijiko kililoweshwa wakati wa kusuuza vitambaa na kikarudishwa ndani ya kopo. Shukrani kwa Mungu lilikuwa barazani. Lingekuwa stoo, karibu na nta na mafuta ya taa, nisingekuwa naandika habari ya alama ya ukutani.

Maji kidogo yanaongeza moto wa haidro. Mchanga na blanketi havifai, kwa sababu unga huu ukishaanza kuvunjika hauhitaji hewa ya nje ili uendelee. Kinachouzima ni mafuriko ya maji, mengi kwa mpigo na bila kukatika, na hiyo ni kazi ya zimamoto wenye mipira na vifaa vya kupumulia. Kwa hiyo toa watu, simameni upande upepo unakotokea, piga 114 kwa Tanzania au 999 kwa Kenya, na utaje jina zima: sodiamu haidrosalfaiti. Kama kopo la asili lina lebo, wasomee namba UN 1384, namba ya kimataifa ya kemikali hii ya hatari. Wataelewa wanakuja kukutana na nini. Usilibebe kopo, usilifunge kifuniko likazidi kujaa gesi, na usirudi kuokoa vitambaa.

Wanaosema ninatisha watu kwa kopo moja nawakumbusha Lodi, mji wa jimbo la New Jersey nchini Marekani. Tarehe 21 Aprili 1995, maji yaliingia kwenye mashine ya kiwanda iliyokuwa ikichanganya unga huu huu na unga wa aluminiamu. Mlipuko uliua wafanyakazi 5. Kiasi chao kilikuwa kikubwa kuliko chetu mara nyingi sana, lakini kilichoanzisha ni kile kile, maji mahali pasipotakiwa.

Harufu ya kiberiti inayokaba koo, macho yanatoa machozi

Hiyo ni gesi ya salfa dayoksaidi. Sababu ya kwanza ni asidi kwenye beseni: siki, ndimu, au maji ya betri yaliyowekwa jirani. Ya pili ni maji ya moto kupita kiasi. Ya tatu ni kopo lililoanza kuoza, na hapo rudi sehemu iliyotangulia. Jik na dawa nyingine za kung'arisha nguo nazo ziwe mbali; zikikutana na haidro hupandisha joto kwa ghafla.

Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatulia chini. Aliyechuchumaa kwenye beseni anaivuta zaidi ya aliyesimama, na mtoto anayecheza sakafuni anaivuta kuliko wote. Fungua mlango na dirisha ukiwa unatoka, kaa nje mpaka harufu iishe. Barakoa ya kitambaa haizuii gesi. Mwenye pumu asifanye kazi ya haidro ndani ya chumba, hata siku moja. Akianza kukoroma kifua, midomo kubadilika rangi, au kukohoa kusikokoma, ni hospitali mara moja. Na hata aliyepata nafuu aangaliwe usiku ule: kifua kinaweza kuanza kubana saa kadhaa baada ya kuvuta gesi nyingi.

Vidole vinateleza kama vina sabuni, ngozi inawasha, kitu kimerukia jichoni

Utelezi ule ni kostiki inayogeuza mafuta ya ngozi yako kuwa sabuni. Mara nyingi hauumi mwanzoni, na hapo ndipo watu huendelea kufanya kazi. Kama ni unga mkavu, upanguse kwanza kwa kitambaa kikavu, vua nguo iliyolowa, kisha maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi. Usipake siki, asali wala dawa ya meno. Ngozi ikiwa nyeupe, imebabuka au imepata malengelenge, nenda hospitali.

Jicho halina mjadala. Lishike kope wazi kwa vidole, maji safi yatiririke dakika 30, kichwa kimeinamia upande wa jicho lililopatwa ili maji yasiende kwenye lingine. Maziwa ya mama anayenyonyesha hayafai hapa, hata kama bibi alikuwa akiyatumia. Kisha hospitali, hata kama maumivu yameisha, kwa sababu kostiki huendelea kupenya wakati mtu anajiona amepona. Aliyemeza asitapishwe, asukutue mdomo na apelekwe haraka.

Unapoondoka nenda na lebo, au picha yake kwenye simu. Daktari akiambiwa tu "dawa ya batiki" hatajua kama anatibu kostiki, haidro, au vyote viwili.